Amekula Mara Ngapi? Hotuba kuhusu Kutazama na Kupiga Picha Ndege wa Majira ya Baridi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkusanyiko wa watazamaji wa ndege. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wazee kwa vijana, nawasalimu nyote. Nimefurahi kuona ukumbi umejaa, na nimefurahi zaidi kuwaona watoto wamekaa mstari wa mbele. Ninyi watoto nisikilizeni vizuri, maana kwenye kazi hii macho yenu yanatushinda sote.

Naomba nianze na kisa.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nikiwa na kamera, nilikuwa nakwenda kwenye kijito kimoja kilichoganda karibu chote. Barafu ilikuwa imefunika maji kutoka ukingo hadi ukingo. Palibaki sehemu moja tu, chini ya daraja la mbao, ambapo maji yalipita kwa kasi na barafu ikashindwa kushika. Tundu lenyewe halikuzidi ukubwa wa meza. Juu ya tundu lile, kwenye tawi lililoinama, alikuwa amekaa mdiria, yule mvuvi mwenye mgongo wa buluu unaong'aa. Mazingira yote yalikuwa meupe na kijivu, na katikati yake kipande kimoja cha buluu. Nani angemwacha?

Nikapiga hatua tatu. Akaruka. Akazunguka daraja, akarudi palepale. Nikapiga picha, nikasogea tena. Akaruka tena, akarudi tena. Mnajua nilivyofikiri? Nilifikiri amenizoea. Nilifikiri ananipenda! Asubuhi nzima tulikwenda hivyo, mimi nasogea, yeye anaruka na kurudi.

Ng'ambo ya kijito alikuwapo mzee mmoja na darubini yake, hajasogea hata kidogo. Nilipokuwa nafunga vitu vyangu, alinijia polepole, akaniamkia kwa upole ingawa mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Akauliza, "Mwanangu, umepiga picha ngapi?" Nikamwonyesha kwa fahari: zaidi ya mia mbili. Akasema, "Vizuri. Na yeye, tangu ulipofika, amekula mara ngapi?"

Nilinyamaza. Hakuwa amekula hata mara moja.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo niliisikia tangu utoto, lakini ilinipata siku ile, pale kwenye theluji. Mdiria hakurudi kwenye tawi kwa sababu ya kunipenda. Alirudi kwa sababu lile lilikuwa tundu pekee la maji, na samaki wake wote walikuwa chini ya tundu lile. Hakuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ghala lake la chakula tangu alfajiri, nikimpiga picha akiwa na njaa.

Swali la yule mzee ndilo nililokuja nalo leo. Amekula mara ngapi? Nitalirudia, na ninaomba mlichukue mwende nalo.

Sasa, kwa nini majira ya baridi? Kwa nini tutoke nje wakati ambao watu wenye akili zao wamekaa karibu na moto? Sababu ni nyingi, nitazipitia haraka kwa kuwa wengi wenu mnazijua. Miti imepukutisha majani, kwa hiyo ndege aliyejificha miezi sita sasa yuko wazi. Jua linatembea chini, karibu na upeo wa macho, na mwanga ambao wakati wa joto unaupata kwa dakika chache tu alfajiri, sasa unaweza kuupata kwa saa kadhaa. Maziwa yakiganda, bata na mabata bukini hukusanyika penye maji machache yaliyobaki. Na kuna wageni waliotoka kaskazini ya mbali ambao wakati mwingine wa mwaka huwaoni kabisa. Tena theluji yenyewe inatusaidia: inarudisha mwanga juu, hivyo tai au bundi akipita angani, tumbo lake na chini ya mabawa yake, ambapo kwa kawaida ni kiza, panamulikwa kama kwa taa. Aliyewahi kuona hilo mara moja haachi tena.

Lakini sababu hizo zote zina upande wa pili. Ndege yuko wazi kwetu, na pia yuko wazi kwa mwewe. Amekusanyika penye maji kwa kuwa hana maji mengine. Anatukaribia kwa sababu ya njaa. Kila kinachotufurahisha sisi wapiga picha wakati wa baridi, kwa ndege ni shida.

Naomba tuingie kidogo ndani ya hesabu za ndege mdogo. Huko Amerika Kaskazini yuko ndege aitwaye chikadii, mwenye kofia nyeusi, uzito wake ni gramu 10 hadi 12 hivi. Gramu kumi! Huyu hahami. Anabaki kwenye misitu ambayo usiku baridi yake inapasua miti. Mchana joto la mwili wake ni nyuzi 42 hivi. Usiku, ili asimalize mafuta aliyonayo, analishusha joto hilo kwa nyuzi kumi au zaidi, analala huku akitetemeka ndani ya tundu la mti. Asubuhi anaamka akiwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Yote hayo anatakiwa kuyarudisha kabla ya jua kuzama, na huko kaskazini wakati huo mchana unaweza kuwa wa saa nane tu, usiku saa kumi na sita. Kesho anaanza upya. Keshokutwa anaanza upya.

Je, ana akiba? Anayo, lakini si ya mwilini. Wakati wa vuli ameficha mbegu moja moja kwenye magome na nyufa za miti, kwa maelfu, na anakumbuka alipoziweka. Mwilini mafuta yake yanatosha usiku mmoja na pengine kidogo zaidi. Ni kama mtu anayelipwa kwa siku na kula kwa siku. Ukimpotezea saa moja ya kazi, umekula ujira wake.

Na reni? Huyu ni ndege wa kahawia, mkia umesimama juu, uzito gramu 10 au chini ya hapo, mkali kweli kweli. Mchana hataki kumwona mwenzake kwenye eneo lake. Lakini baridi ikizidi, ugomvi unawekwa kando. Mwaka 1969, huko Norfolk nchini Uingereza, walihesabiwa reni 61 wakiingia kulala katika kisanduku kimoja cha kiota. Sitini na mmoja! Wanajipanga kwa tabaka, vichwa ndani, mikia nje. Hebu fikirini mtu akifika usiku na tochi kufungua kisanduku hicho ili apate picha. Picha ingekuwa ya ajabu, sikatai. Na wale 61 wangetawanyika gizani, kila mmoja peke yake na gramu zake kumi.

Mnaona ninapoelekea. Kuna picha moja tunayoipenda sote, nami ninayo ukutani nyumbani: ndege mdogo mviringo kama mpira, manyoya yamefura, mdomo umezama kifuani. Watu wakiiona wanasema, "Jamani, kanavyopendeza!" Ule uviringo ni hewa. Ndege amesimamisha manyoya yake ili akamate hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Akisimama kwa mguu mmoja na kuuficha mwingine, anaokoa joto. Bata akisimama juu ya barafu bila kuganda, ni kwa sababu mishipa ya damu miguuni mwake imepangwa kwa ufundi: damu ya moto inayoteremka inapita ubavuni mwa damu baridi inayopanda, inaipasha, kwa hiyo miguu inabaki baridi na joto linarudi mwilini. Kila kitu ni kubana matumizi. Na ndege huyo mviringo, ukimsogelea mno, atafanya nini kwanza? Atayalaza manyoya. Atakuwa mwembamba ghafla, shingo juu. Hiyo ndiyo alama yenu, ndugu zangu. Akishakuwa mwembamba, ameshalivua blanketi ili aruke. Rudi nyuma.

Naona baadhi yenu mmeleta kamera, na mngependa niseme ya kamera. Nitasema, ila kwa ufupi, kwa sababu kamera ndiyo sehemu rahisi.

Theluji inaidanganya kamera. Kifaa kinachopima mwanga ndani yake kimetengenezwa kikiamini kwamba dunia, kwa wastani, ina rangi ya kijivu. Kikiona weupe mwingi, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na theluji yako inatoka kijivu kama majivu, na ndege anatoka mweusi. Usikiamini. Ongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kisha tazama grafu ya mwangaza uone kama weupe umebaki na maelezo yake au umeungua. Betri nayo inachoka haraka kwenye baridi; ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ukiirudisha ile iliyochoka kwenye joto, mara nyingi inapata nguvu tena. Usipumue juu ya kioo. Usipige picha kupitia dirisha la gari lenye joto, maana hewa moto inayotoka inacheza mbele ya lenzi na kila kitu kinatoka kama kimetazamwa ndani ya maji.

Na hili la mwisho liandikeni: kabla hujaingia nyumbani, ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa vizuri, uiache humo mpaka ipate joto polepole. Mimi sikuambiwa. Nilirudi jioni moja nikiwa na furaha, nikaiweka kamera mezani karibu na moto, na baada ya dakika tano maji yalikuwa yanatiririka juu ya kioo, na mengine yalikuwa yameingia ndani ya lenzi. Ilichukua wiki kukauka, na doa lililobaki lipo mpaka leo.

Basi, kamera tumemaliza. Turudi kwenye jambo gumu, nalo ni umbali.

Tunakaribiaje bila kumlipisha ndege gharama? Mwaka 1900 kulikuwa na ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwapiga picha ndege wakiwa porini. Lenzi za wakati huo hazikufika mbali. Unajua walifanya nini? Walichukua ngozi ya ng'ombe, wakatengeneza ng'ombe mwenye uwazi ndani, mtu akaingia humo na kamera yake. Akasimama malishoni, ameinama, saa baada ya saa, ndani ya ng'ombe! Watu husimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi nakiheshimu sana. Wale ndugu walielewa jambo ambalo wengi wetu wenye lenzi ndefu tumelisahau: ni mpiga picha anayepaswa kuteseka, ndege aendelee na shughuli zake.

Leo huhitaji ng'ombe. Kibanda cha maficho kinatosha, au gari lililozimwa, au shuka jeupe na subira. Fika kabla ya ndege, ondoka baada yao. Ndege ambaye amekuja mwenyewe na kukukuta umetulia si sawa na ndege uliyemfuata. Wa kwanza amekuchagua. Wa pili anakukimbia hata kama bado hajaruka.

Nitawapeleka Japani, kisiwa cha Hokkaido. Huko kuna korongo mweupe mwenye utosi mwekundu. Watu waliamini wamekwisha nchini mwao, mpaka mwaka 1924 walipogundulika wachache kwenye kinamasi cha Kushiro. Mwaka 1952 baridi ilikuwa kali mno, na watu wa pale wakaanza kuwamwagia mahindi. Hesabu ya mwaka huo ilikuwa korongo 33. Leo wamezidi elfu moja. Sasa sikilizeni jinsi wanavyopigwa picha. Usiku korongo hao hulala wamesimama ndani ya mto ambao haugandi. Alfajiri mvuke unapanda kutoka majini, unashika kwenye matawi na kuganda, msitu mzima unakuwa mweupe, na korongo wanatokea ndani ya ukungu mmoja baada ya mwingine. Wapiga picha wako wapi? Wako juu ya daraja, mbali. Hawashuki mtoni. Kutoka kwenye daraja hilo korongo ni wadogo ndani ya picha, na ninawaambia kwa moyo wangu wote kwamba picha zile zinazidi maelfu ya picha za kichwa na mdomo. Ukungu umo. Baridi imo. Nyumba ya ndege imo. Tunahangaika sana kujaza fremu na manyoya, kana kwamba ndege anaishi hewani tupu!

Mwingine atauliza: ndege akiruka mara moja tu, kuna ubaya gani? Katika milima ya Alpi kuna ndege wa jamii ya kwale, dume mweusi mwenye nyusi nyekundu. Wakati wa baridi hujichimbia ndani ya theluji, kwani ndani yake kuna joto kuliko nje, na hukaa humo sehemu kubwa ya siku. Watafiti walikusanya vinyesi vyake, wakapima homoni zinazotolewa mwili ukiwa na hofu. Walikuta kwamba penye watu wengi wanaoteleza kwenye theluji, homoni zile zilikuwa juu zaidi. Tena wengi wa watu hao hawakuwa na habari kwamba chini ya miguu yao kuna ndege. Alama ya madhara haikuwa damu wala mzoga, ilikuwa ndani ya kinyesi. Kwa hiyo usiniambie, "Sikumdhuru, aliruka tu." Hujui. Wala mimi sikujua pale darajani.

Na bundi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kuna wapiga picha wanaomrushia bundi panya hai juu ya theluji ili aje na makucha yamefunguliwa mbele ya lenzi. Mnazijua picha hizo: bundi anamtazama mpiga picha usoni, mabawa yametandazwa. Bundi aliyefundishwa hivyo anajifunza kwamba mtu ni chakula, barabara ni chakula, gari likisimama ni chakula. Siku moja gari halisimami. Picha hizo sizitaki, na ninawaomba msizisifu. Vilevile, ukimwona bundi amelala mchana, usitangaze mti wake. Watu thelathini wenye nia njema, wakija mmoja mmoja kutwa nzima, wanatosha kumnyima usingizi wiki nzima.

Kwa wenye meza za kulishia ndege na kuwapiga picha dirishani, nina ombi dogo tu: zisafisheni. Tangu mwaka 2005 huko Uingereza ugonjwa wa trikomonasi umewamaliza chiriku wa kijani kwa wingi, na unaenea ndege wanapokula na kunywa pamoja mahali pachafu. Ukiona ndege amefura mchana, mzito, haruki hata ukimkaribia, usifurahi kwamba amekuwa rafiki. Ni mgonjwa. Ondoa chakula, osha, kausha, subiri.

Sasa niseme ya daftari, kisha nimalize.

Siku ya Krismasi mwaka 1900, Mmarekani mmoja aitwaye Frank Chapman aliwaalika watu wafanye jambo jipya. Desturi iliyokuwapo ilikuwa mashindano ya kuwinda siku hiyo: makundi yanatoka na bunduki, linaloleta lundo kubwa la ndege na wanyama ndilo linaloshinda. Chapman akasema, tokeni, lakini mhesabu. Walijitokeza watu 27, katika sehemu 25, wakaandika aina 90 hivi za ndege. Hesabu hiyo haijakatika mpaka leo, na ndiyo inayowaonyesha wataalamu ndege gani anapungua na yupi anahamisha makao yake ya baridi. Na huko Slimbridge, Uingereza, tangu mwaka 1964 mtaalamu wa ndege Peter Scott na familia yake waliwatazama bata maji weupe wanaokuja kutoka aktiki ya Urusi, wakagundua kwamba mchoro wa manjano na nyeusi kwenye mdomo wa kila mmoja ni tofauti na wa mwenzake. Wakachora midomo, wakawapa majina. Mwaka uliofuata wakaweza kusema: huyu amerudi, yule amerudi na mke, yule hakurudi. Michoro tu ya midomo! Nani kati yetu hana picha elfu zimelala kwenye kompyuta bila tarehe wala mahali?

Ndiyo maana ninatembea na daftari. Nilianza baada ya yule mzee. Siku tatu baada ya maneno yake nilirudi kwenye kijito, kabla ya mwanga, nikaenda kukaa ng'ambo kule alikokuwa amesimama yeye. Nilijifunika shuka jeupe, sikusogea. Ninalo daftari hilo hapa, na ninaomba niwasomee ukurasa wa asubuhi ile kama ulivyo. Herufi zimepinda kwa sababu ya baridi.

"Saa moja na robo, giza bado, maji yanasikika. Saa mbili kasoro dakika tano, amefika, amekaa tawi lile lile. Saa mbili na dakika kumi, amezama, ametoka mtupu. Saa mbili na robo, amezama, samaki mdogo, amempiga kwenye tawi mara nne, amemmeza. Saa mbili na nusu, samaki. Vidole havisikii. Saa tatu kasoro dakika ishirini, samaki, mkubwa kidogo. Saa tatu, amekaa kimya, manyoya yamefura, jua limemfikia. Picha kumi na moja. Amekula mara tatu."

Asanteni sana kwa kunisikiliza.